Macho ya Mgeni: Tunasoma «Un Nègre à Paris» cha Bernard Dadié



Methali moja ya Waafrika yasema: mgeni ana macho makubwa, lakini haoni. Twaisikia mara nyingi, na kwa kawaida mwenyeji ndiye anayeitamka, akimcheka mgeni aliyepotea njia ya mtoni. Lakini mgeni akiwa Mwafrika, na mji ukiwa Paris, nani ataisema methali hiyo, na nani atakayechekwa?

Ndilo swali la kitabu tunachotaka kukipima leo. Jina lake ni «Un Nègre à Paris», maana yake Mtu Mweusi katika Paris. Mwandishi wake ni Bernard Dadié wa Côte d'Ivoire, na kilipigwa chapa mwaka wa 1959 na nyumba ya Présence Africaine, ile aliyoianzisha Alioune Diop. Nyumba hiyo si ngeni kwetu. Ilishiriki katika kutokea, mwaka wa 1956, kwa kitabu cha mapadri Weusi waliojiuliza maswali juu ya Kanisa na Afrika, na mmoja wa walioandika ndani yake alikuwa mtu wa huku kwetu Kivu, Padri Vincent Mulago.

Mtu aweza kutuuliza: mbona mwakirudia kitabu cha zamani hivyo? Tutajibu kwa kueleza jambo lililotupata sisi wenyewe.

Miaka iliyopita mwenzetu mmoja alitumwa kusoma katika mji mmoja wa Bulaya. Barua zake zilisomwa kwa sauti katika chumba cha kulia, na sisi sote tulinyamaza tusipoteze neno. Alitueleza ngazi zinazopanda zenyewe, taa zisizozimika usiku kucha, gari la moshi lipitalo chini ya udongo, na theluji iliyo nyeupe kama pamba. Hakuna barua hata moja iliyosema kwamba alikaa miezi minne bila kuingia katika nyumba ya mtu. Jambo hilo tulilisikia siku aliporudi, jioni moja, akilisema polepole kama mtu anayeungama. Lakini wakati huo mwingine alikuwa amekwisha kwenda nyuma yake, naye alikwenda na kichwa kilichojaa ngazi na taa. Huyo hakuweza. Alirudi kabla ya kumaliza masomo, na watu wa kwao wakasema ni mvivu. Sisi tuliosikiliza barua zile na kupiga makofi tulikuwa na fungu letu katika kosa hilo.

Basi kusoma vizuri habari za safari si mchezo wa kupoteza saa. Kwa hiyo twataka kujua: Dadié, aliyeiandika safari yake katika barua moja ndefu, alisema nini ambacho mwenzetu hakukisema? Tena, yeye naye alinyamaza wapi?

I. Mwandishi na kitabu chake

Bernard Dadié alizaliwa mwaka wa 1916 huko Assinie, kwenye pwani ya Côte d'Ivoire. Alisoma katika shule ya William Ponty nchini Senegal, shule iliyowafunza walimu na makarani wa Afrika ya Magharibi wakati wa ukoloni wa Wafaransa, na alifanya kazi miaka mingi Dakar. Aliporudi kwao aliingia katika mambo ya siasa, na mwaka wa 1949 alifungwa gerezani Grand-Bassam. Alikaa humo miezi 16. Baadaye, nchi yake ilipokwisha kupata uhuru, alikuwa waziri wa utamaduni tangu mwaka wa 1977 hata 1986. Alikufa Abidjan mwezi wa Machi 2019, mwenye miaka 103. Tunayasema hayo ili msomaji ajue kwamba mtu aliyeandika kwa kucheka Paris hakuwa mtoto asiyeyajua mateso. Yeye aliyekaa katika gereza la serikali ya wakoloni angaliweza kuandika kwa hasira tupu. Hakufanya hivyo.

Kitabu chenyewe ni barua. Tanhoé Bertin, mtu mweusi mwenye elimu ya shule, anapata tikiti ya kwenda Paris. Furaha yake ni kubwa hata inataka kuchekesha. Mji huo ameujua tangu utoto kwa picha za posta na kwa sinema; sasa atautazama kwa macho yake mwenyewe, si kwa macho ya kuazima. Anamwandikia rafiki aliyebaki nyumbani, naye anaendelea kumwandikia mpaka mwisho, bila kukata barua katika sura, kama mtu anayesimulia kando ya moto na kuruka toka neno hili kwenda lile.

II. Kiti kitupu

Twasoma mara nyingi kwamba kitabu hiki ni cha kuchekesha. Ni kweli. Lakini tungependa msomaji asimame kidogo mahali ambapo kicheko hakijaanza, ndani ya avio.

Tanhoé ndiye Mweusi peke yake katikati ya wasafiri Wazungu. Anaketi karibu na dirisha. Wengine wanapanda, wanatafuta viti, wanapita. Kiti kilicho kando yake ni kitupu, lakini macho ya watu yakifika hapo hayakioni. Hakuna anayemtukana wala anayemfukuza. Ni kiti kitupu tu. Mwandishi halii, wala hatoi mafundisho juu ya haki. Analitaja jambo hilo, kiisha anaendelea na safari.

Hapo twaona sanaa ya kweli. Mwandishi dhaifu angaliandika kurasa kumi juu ya ubaya wa kubagua watu. Dadié ameweka kiti mbele yetu, na sisi wenyewe twajua namna ya kukitazama. Tena ametuonyesha kwamba safari ya kwenda mji wa kigeni haianzi siku ya kushuka. Mji wa Paris umekwisha kumpokea, au kutompokea, kabla avio haijaondoka katika ardhi ya Afrika.

Mwenzetu wa barua zile, naye bila shaka aliketi kando ya kiti kama hicho. Sisi twasema kwamba mstari mmoja juu ya kiti ungalimsaidia yule aliyemfuata kuliko kurasa zote za ngazi.

III. Kabila la Waparisi

Akiisha kushuka, Tanhoé anafanya kazi ambayo Wazungu walikuwa wakiifanya kwetu. Anawatazama Waparisi kama kabila. Anaandika desturi zao, chakula chao, namna wanavyopendana mbele ya watu, namna wanavyowazika wakubwa wao na kuwakumbuka wafalme wao, hata wale waliowakata vichwa. Anaingia katika metro, na humo anawasoma watu wote wa mji: wanavyokimbia, wanavyokaa kimya wenye gazeti mkononi, wanavyogusana mabega bila kuamkiana. Kwetu mtu akipita bila kuamkia, twauliza kama ana ugonjwa au ugomvi. Huko watu elfu wapitana bila kuamkiana, na wote ni wazima.

Ili tufahamu nguvu ya jambo hilo, sherti tukumbuke mambo yaliyotangulia. Mwaka wa 1897 watu 267 wa Kongo walichukuliwa mpaka Ubelgiji, wakawekwa Tervuren katika vijiji vilivyojengwa karibu na maji, ili watu wa Bulaya wapite na kuwatazama. Saba kati yao walikufa huko, na makaburi yao yapo Tervuren mpaka leo. Tena mwaka wa 1958, katika maonyesho makubwa ya Bruxelles, Wakongomani wengine waliwekwa katika kijiji kilichofanywa kwa mikono, wafanye kazi zao mbele ya watazamaji. Watazamaji wengine wakawatupia ndizi. Wakongomani hao hawakukubali. Walirudi kwao kabla ya maonyesho kumalizika.

Kitabu cha Dadié kilitokea mwaka mmoja baada ya hayo. Hatusemi kwamba aliandika kwa sababu hiyo. Twasema tu kwamba msomaji wa Kongo hawezi kukifungua bila kukumbuka ua ule wa kijiji. Miaka mingi Mwafrika alipokwenda Bulaya alikuwa kitu cha kutazamwa. Katika kurasa hizi yeye ndiye anayetazama, na Mparisi, ambaye hana habari, anapita mbele yake na kufanya desturi zake.

Hapo wasomaji wetu wanaopenda fasihi ya Kifaransa watasema: hata Montesquieu alifanya hivyo. Kweli, mwaka wa 1721 alitoa «Lettres persanes», barua za Waajemi wawili, Usbek na Rica, walioishangaa Paris. Lakini tutofautishe vizuri. Montesquieu alikuwa Mfaransa aliyevaa kanzu ya Mwajemi ili aweze kuwaonya ndugu zake bila kupigwa. Akichoka aliweza kuivua. Tanhoé hakuvaa ngozi yake kama vazi. Kiti kilicho kando yake kitabaki kitupu hata akiacha kuandika.

Twaweza kumlinganisha na mtu wa kwetu pia. Stefano Kaoze, aliyekuwa Mkongomani wa kwanza kupewa upadri mwaka wa 1917, alikuwa ameandika kwa Kifaransa juu ya roho na akili za Wabantu, na maandiko yake yalitokea katika «La Revue Congolaise» tangu mwaka wa 1910. Kaoze aliwaeleza Wazungu watu wake mwenyewe. Dadié anageuza barua: anawaeleza watu wake Wazungu. Kazi zote mbili ni za heshima, lakini zataka ujasiri wa namna mbili. Yule wa kwanza alihitaji kusema: sisi nasi ni watu wenye akili. Yule wa pili ahitaji kusema: ninyi nanyi ni kabila moja kati ya makabila.

IV. Mambo tusiyoyakubali

Kumsifu mtu bila kumpima si kumheshimu. Tuna mambo matatu ya kumwambia mwandishi huyu.

Kwanza, njia imemezwa. Avio inaruka, inashuka, na Paris iko. Hilo si kosa la Dadié peke yake. Ni kosa la avio. Mwaka wa 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry alitumia siku 51 kwa kuruka toka Bruxelles mpaka Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Mtu aliyekaa siku 51 njiani aliona jangwa likiisha na mwitu ukianza. Alijua kwa mwili wake kwamba nchi ni mbali. Leo mtu asali Komplini kwetu na Laudesi katika mji wa kigeni. Miguu yake imefika, lakini roho yake bado iko njiani, na katika siku za kwanza anatazama vitu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Tungalipenda Tanhoé atuambie zaidi juu ya hali hiyo. Watu waliosafiri polepole walijua kuieleza. Lugha yetu ya Kiswahili ina ushuhuda: Salim bin Abakari alikwenda mwaka wa 1896 mpaka Urusi na Siberia, na habari yake ya safari ilipigwa chapa na Carl Velten mwaka wa 1901 katika «Safari za Wasuaheli». Humo mji mmoja waja baada ya mwingine. Kwa Dadié mji ni mmoja, nao umeanguka mbele yetu kama tunda.

Pili, Waparisi hawasemi. Tumesoma kurasa nyingi juu ya Mparisi, namna anavyokula, anavyopenda, anavyokimbia. Lakini ni wangapi tuliowasikia wakisema, wenye jina lao na uchungu wao? Mparisi wa kitabu ni mmoja tu, kama vile katika vitabu vya zamani Mweusi alikuwa mmoja tu: Mweusi hupenda ngoma, Mweusi huogopa usiku. Tunajua kwamba Dadié amefanya hivyo makusudi. Amewashikia kioo. Lakini kioo kikishikwa mpaka mwisho wa kitabu, mkono unachoka, na msomaji anaanza kuuliza: je, hakuna mama mmoja mwenye kuuza mikate aliyeumwa jino siku ile? Kosa la kumweka mtu ndani ya kabila lake halisafishwi kwa kugeuzwa upande. Laweza kumfundisha aliyelianza, kiisha liachwe.

Tatu, macho ya kuazima hayakutoka yote. Tanhoé alisema ataona kwa macho yake, lakini kurasa nyingi anaturudishia wafalme wa Ufaransa, mambo ya mapinduzi, majina ya watu wakubwa na majengo. Mambo hayo hakuyaona barabarani, aliyatoa shuleni. Mtu aliyelelewa katika shule ya Wafaransa hawezi kuiona Paris mara ya kwanza, maana alikuwa amekwisha kuikariri. Wakati mwingine Dadié analijua jambo hilo na kulicheka, na hapo ni mwalimu wetu. Wakati mwingine analisahau, na hapo barua inakuwa daftari ya masomo.

Tuongeze neno moja juu ya yule rafiki aliyeandikiwa. Hajibu hata mara moja. Tumejiuliza sana ni nani. Barua imeandikwa kwa Kifaransa, imepigwa chapa Paris, imeuzwa Paris. Twaamini kwamba rafiki wa Afrika ni mlango tu, na anayesimama nyuma ya mlango akisikiliza ni Mparisi mwenyewe. Mwandishi amwambia ndugu yake maneno ili mgeni ayasikie. Ni ujanja mzuri, wazee wetu waujua sana: mtu humwambia mtoto, ili mkwe asikie. Lakini ujanja huo una bei yake. Mambo ambayo ndugu wa nyumbani angaliyauliza kwanza, kama vile walala wapi, wala nini, nani akuamkia asubuhi, fedha yatosha, hayo yamepata nafasi ndogo kuliko mizaha ambayo Mparisi ataielewa.

V. Kucheka bila kudharau

Sasa tufike kwenye jambo tunaloliona kuwa kubwa kuliko yote. Je, kicheko cha Dadié ni dharau?

Wako wanaokisoma kitabu hiki kwa furaha mbaya. Wanasema: basi, na wao sasa wamechekwa. Mtu akifunga kitabu na neno hilo moyoni, hakusoma vizuri. Dadié amjua Mparisi kwa kumlinganisha na watu wake mwenyewe. Akitaja desturi ya Paris inayoshangaza, mara nyingi aitafuta ndugu yake katika desturi za kwao. Na akiipata, kicheko chaanguka juu ya pande zote mbili. Sisi tulio na miiko yetu, tusimcheke aliye na miiko yake. Tena ajicheka mwenyewe: furaha yake ya tikiti, mshangao wake, tamaa yake ya kuuona mji ambao watu wake wameulipia kwa jasho. Mtu anayejicheka mwenyewe kwanza hawezi kuwa mwenye kudharau. Na mwishoni, baada ya desturi zote, abaki akiona kwamba wanadamu wafanana kuliko walivyotaka kukubali.

Kuna njia mbili za kuharibika kwa mgeni. Ya kwanza ni kushangaa tu: kila kitu cha huko ni kikubwa, kila kitu cha kwetu ni bure. Mtu huyo akirudi hawezi tena kula ugali bila kutoa hotuba. Ya pili ni kudharau tu: kwao hakuna ukarimu, kwao wazee wametupwa, sisi ndio watu. Mtu huyo hakujifunza neno, alikwenda na kurudi na sanduku lililofungwa. Dadié amepita katikati ya njia hizo mbili, mara akiegemea huku, mara huko, lakini hakuanguka. Kwa hiyo twasema kitabu chake ni chema, pamoja na makosa tuliyoyataja.

Alifanya hivyo tena mara mbili. Mwaka wa 1964 alitoa «Patron de New York», juu ya Marekani, na mwaka wa 1968 «La Ville où nul ne meurt», juu ya Roma. Hicho cha mwisho chatugusa zaidi. Roma kwetu si mji wa kigeni kama miji mingine. Twautaja kila siku katika sala. Dadié autazama kwa jicho lile lile, na Vatikani haikuachwa nje. Tumesikia wengine wakisema kwamba kitabu hicho hakifai mikononi mwa waseminari. Sisi hatuoni hivyo. Mgeni akiingia nyumbani mwa mama yetu na kusema kwamba paa linavuja, tunaweza kukasirika, lakini ni vizuri kutazama juu kwanza.

VI. Neno kwa wanaokwenda na kwa wanaobaki

Kwa wale watakaokwenda, twaomba mambo machache.

Siku za kwanza andikeni kila kitu, kwa maana mshangao haukai. Baada ya miezi mitatu ngazi inayopanda yenyewe itakuwa ngazi tu, na kiti kitupu, ambalo ni jambo baya zaidi, kitakuwa desturi. Lakini msitume barua ya siku za kwanza peke yake. Tumeni na ya mwezi wa sita, mtakapokuwa mmejua jina la mtu anayeuza mikate. Semeni yaliyowafurahisha na yaliyowaumiza, bila kuongeza na bila kupunguza. Mwenye kuficha baridi yake hasemi uongo kwa maneno, lakini anaandaa maumivu ya mwingine.

Na kwetu tunaobaki, tunaosikiliza. Mwenzetu yule aliporudi tulimwuliza kwa nini hakutuandikia juu ya miezi ile minne. Hakujibu mara moja. Kiisha alisema: «Mngalisoma kwa sauti katika chumba cha kulia, na mama yangu angalisikia.» Tulinyamaza. Tulikuwa tumemwomba habari za mji, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwomba habari zake mwenyewe. Katika barua zetu zote kwake, tulipozitafuta baadaye, maswali yalikuwa juu ya majengo, juu ya Papa, juu ya bei ya vitabu. Tuliandika kama yule rafiki wa Tanhoé, yaani hatukuandika.

Kwa hiyo, anayetaka kukisoma kitabu cha Dadié pamoja nasi, akisome na kalamu mkononi. Kila ukurasa ajiulize angalimjibu nini Tanhoé, kama barua ile ingalifika kwake. Jibu hilo halimo katika kitabu. Mwaka huu wenzetu wawili wanaondoka mwezi wa Septemba, nao wamekwisha kutupa anwani yao.